Majina Tatu na Numero Moja

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za biro. Mwenye anaenda pansioni wanamupa kiti ya plastiki, soda moja na hotuba mbili. Nyinyi vijana wenye mulibakia ku kazi mulinipa kitu ingine: mulinipa kazi. "Mama, utuandikie namna inafanyika, juu hakuna kitabu inafundisha." Basi niko kwangu Ngezi, hapa Bunia, miguu juu ya kibao, daftari juu ya magoti, na wajukuu nilisha kuwafukuza mu chumba.

Sitasema juu ya grade wala mushahara. Ile yote iko mu dosie yangu, na panya walisha anza kuisoma. Nitasema juu ya majina, juu apariteri anaishi na majina. Anaandika wanafunzi wapya, anaita presence, majina ya kuona nani alikuja, kila asubui, anaweka alama mu rejistre, na mwisho wa mwaka anasimama mbele ya watu na kusoma wenye walipita. Watu wanafikiri ni karani tu. Niliwaacha wafikiri vile. Iliniepusha mikutano mingi.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya visigino. Institut yetu, pale Mbunya, ilikuwa na salle tatu za masomo na paa ya mabati. Mvua ikinyesha profesa ananyamaza, na kila mutu anamushukuru Mungu kwa sababu yake mwenyewe. Papa Zakaria, apariteri wa zamani, mwanaume wa maneno kidogo, alinipatia rejistre na kusema, "Ita." Niliita. Jina ya kwanza ilipita, ya pili ilipita, ya tatu niliivunja vipande. Salle yote ilicheka. Mwenye jina, kijana wa Mahagi, aliniangalia tu, kama mutu mwenye wamemukanyaga ku muguu na anangojea pole.

Papa Zakaria hakucheka. Alingoja saa sita, tukiwa peke yetu, akafungua rejistre ku ukurasa ile. "Angalia," akasema. "Kwetu mutu iko na majina tatu. Jina ni ya serikali. Prenom ni ya ubatizo. Ile ya katikati, postnom, ni ya watu wake: ya baba, ao ya babu, ao ya mutu mwenye alikufa na hawataki apotee. Ukivunja postnom umevunja mulango ya nyumba ya watu."

Kisha akanituma ku soko. Wiki muzima nilizunguka na karatasi kwa wamama wa maeneo yote: wa Djugu kwenye maharagi, wa Mahagi kwenye samaki, wa Irumu kwenye maziwa, wa Mambasa kwenye ndizi. "Mama, huyu mutu wanamuita namna gani?" Walinicheka, walinifundisha, na waliniuzisha vitu vyenye sikuhitaji. Juu ya kila jina niliandika na kalamu ya risasi: hapa vuta, hapa kata, hapa pandisha sauti. Na nyinyi mufanye vile. Kalamu ya risasi, siyo bik ya wino, juu masikio pia inakosea.

Sheria yake ya pili ilikuwa fupi. Present ni present, mutu iko; absenti ni absenti, haiko; ya katikati hakuna. Kuna mwaka mutoto wa ndugu ya DG, ni kusema direkteri jenerali, mukubwa wa institut, alikosa masomo mwezi muzima juu ya harusi ya dada yake. Harusi ya mwezi muzima, Mungu awabariki. DG aliniita ku biro yake. Nilimuambia, "Shefu, unaweza kunitosha, kunifukuza ku kazi, lakini kiti yake ilikuwa wazi." Hakunitosha. Alinisalimia kwa baridi mupaka Krismasi, na mimi sikukuwa na njaa ya salamu.

Halafu ilikuja miaka ya vita yenye munajua, na sitaihesabia hapa. Kitu moja tu nitasema, juu inagusa kazi yetu. Postnom inasema unatoka wapi na kwa nani, na kazi yangu ilikuwa kuisema kwa sauti, kila asubui, mbele ya watu wote. Nilianza kuona kama nikiita jina ya upande huu, shingo za upande ule zinageuka. Hawa walikaa ku mukono ya kuume, wale ku mukono ya kushoto, na katikati kulibakia benchi moja yenye hakuna mutu alikaa. Hata mwenye kufagia alikuwa anaipita. Wengine waliacha kuja. Wengine walikimbilia ku machimbo ya zahabu. Wengine walikuwa ku site za wakimbizi pamoja na mama zao na hawakuwa tena na viatu vya kuja ku masomo. Mwaka moja niliita presence ya mwaka wa kwanza na nikamaliza na sauti yangu haijapata moto. DG akaanza kuongea juu ya kufunga.

Ile mwaka njo alifika Asistan Bahati, kijana murefu wa pedagogie, masomo ya ualimu, mwenye kila mutu anamuita Koch mupaka leo. Aliomba kiwanja ya nyuma ya biro yangu apande miti mbili na wavu. Mimi nilikataa. Vumbi nyekundu itaingia mu rejistre, mupira itavunja vioo, na wanafunzi wenye hawana kitu ya kula muchana wataruka-ruka na nguvu gani? DG alikubali, juu kukubali hakukumuomba kitu. Kioo ya kwanza ilivunjika siku ya tatu. Niliandika tarehe yake ku ukuta, Koch aone kama niko nahesabu.

Nilimuuliza kwa nini volei, na siyo futiboli kama watu wote. Akasema, "Mama, unaweza kunipatia vijana kumi na moja wenye pumzi mu hii institut?" Nikaangalia rejistre. Sikuweza. Lakini wabinti sita wenye hasira, wale walikuwako. Njo vile tukaanza, na wabinti. Miti ilikuwa ya mikaratusi. Wavu ilitoka Tchomia, kule ku ziwa, wavu ya kuvua samaki, ya kuchakaa. Watu wa kule walimupatia bure, na wiki tatu za kwanza kila mwenye aliigusa alinuka ziwa mupaka mu salle.

Kitu yenye ilinikasirisha kabisa ilikuwa numero. Kila mubinti alipata mayo, shati ya kuchezea, na kila mayo numero yake, mu Kifaransa kama tunahesabiaka. Ine ilikuwa Katre. Nane ilikuwa Witi. Sheria ya Koch: mu kiwanja hakuna jina, kuna numero tu. Mwenye anaita mwenzake kwa jina anakimbia kuzunguka kiwanja mara tano. Na mwenye anageuza kichwa juu mutu amemuita kwa jina, naye anakimbia. Mimi ku dirisha yangu nilikuwa nasikia, "Katre! Witi! Katre!" saa muzima, kama soko ya ng'ombe.

Nilimufuata. "Koch, mutu siyo gunia ya kahawa uandike numero ku tumbo yake. Mimi nilimaliza viatu ku soko juu ya hii majina."

Aliinama, juu ni mutu murefu, na akajibu pole pole. "Mama, weye ulikuwa na miaka. Mimi niko na saa moja kwa siku. Nikiita jina, mupira inaenda kwa mutu wa kwao. Nikiita Katre, mupira inaenda kwa Katre."

Nilirudi ku biro. Sikukubali, lakini sikurudi tena kumugombeza, na kwangu ile ni karibu na kukubali.

Sasa mimi siko mutu wa sport. Mupaka leo sijui kwa nini pointi moja watu wanashangilia na ingine wanabishana. Lakini niliona namna institut inabadilika, juu niliiona mu rejistre, na rejistre haijuaki kupendelea. Mu volei iko sheria ya kuzunguka: mukipata haki ya kuanza mupira, kila mutu anasogea nafasi moja, hakuna mwenye anakaa kwake siku zote. Koch aliingiza ile sheria mu salle. Kila mwanzo wa wiki wanafunzi wote, wachezaji na wasiocheza, walisogea kiti moja. Benchi ya katikati ilipata watu wiki ya kwanza, na hawakuichagua, hesabu njo iliwaangusha pale. Walikaa migongo wima siku mbili. Siku ya tatu mumoja aliomba mwenzake kifutio.

Kitu ingine, aliniletea heshima yenye sikuomba. Alisema mwenye iko na absenti mbili mu wiki hachezi mechi ya mwisho wa wiki. Kila siku ya tano ya wiki alikuja ku biro na kusoma rejistre yangu, ile yenye hakuna profesa aliifunguaka. Wabinti walianza kunisalimia mbio. Mutu akikosa, mimi sikukuwa tena na kazi ya kuuliza. Wenzake walienda kumutafuta mupaka ku site, mu mahema, na walimurudisha, mara na mutoto mudogo ku mugongo juu mama alienda kutafuta kuni. Mutoto wa mugongo nilimukubali mu salle. Sikumuandika.

Miaka mbili ilipopita, wanafunzi wenye walimaliza segondere walianza kuja na bulletin ya alama mukononi. "Mama, ni hapa kwenye wanacheza?" Niliwajibu, "Hapa tunafundisha pedagogie." Wakasema, "Ndiyo, Mama, lakini ni hapa kwenye wanacheza?" Niliwaandika. DG aliacha kuongea juu ya kufunga na akaanza kupigwa picha pembeni ya wavu. Musifikiri lakini kila kitu ilikuwa asali. Kulikuwa wenye walikuja juu ya mayo na hawakufungua daftari hata mara moja. Profesa wa hesabu alisema tunageuka uwanja wenye salle tatu, na siku zingine alikuwa na haki. Na watu wanapendaka kusema sport inaleta amani. Mimi siwezi kusaini ile. Yenye naweza kusaini ni hii: sport ilifanya watoto wa pande mbili wapande gari moja. Sasa musikie gari ilienda wapi.

Katre, prenom yake Solange, alikuwa mutoto wa Djugu, mwenye kukaa ku site na mama yake. Baba yake walimuua ku kijiji yao, yeye hajakuja bado kwetu, na postnom yake ilikuwa ya ule baba. Sitaiandika hapa, yake wala ya mutu mwingine, mutaelewa. Mubinti mukimya, mukono ya kupiga mupira mupaka unasikia ku roho. Witi, prenom yake Brigitte, alikuwa wa upande mwingine, mwenye maneno mingi, mwenye kucheka mbele ya kumaliza kusema. Ile hesabu ya viti iliwaweka pamoja, na hesabu ilipowatenganisha walikataa kutengana. Niliwagombeza. Walibakia vile vile.

Tchomia, wenye walitupatia wavu, walitualika: mulete wabinti wacheze na wa kwetu, mukule samaki. DG aliumwa mugongo, mugongo yake iliumaka mbele ya kila safari, na akanituma mimi kuwa mukubwa wa safari. Karatasi ya safari inaomba list ya watu. Niliitengeneza namna nilifundishwa: jina, postnom, prenom, na ku mustari ya pembeni kolektivite, ni kusema eneo ya watu wake, na kijiji ya kila mumoja. Wabinti kumi. Kachet za muhuri mbili, moja juu, moja chini. Asubui, tukiisha kupanda mu kamioneti ya parokia, Koch aliishika mukononi, akaisoma, akasema, "Mama, na hii kolektivite ni ya nini?"

Nikamuambia, "List ni list."

Nimeandika ile neno hapa, juu muijue ilitoka mu kinywa ya nani. Georgine, mumoja wa wale kumi, alikuwa na malaria na hakukuja. Sikufuta jina yake, juu list yenye kachet haifutwi. Tulienda na wabinti kenda.

Mahali barabara inaanza kushuka kuelekea ziwa, tulikuta bariere: kamba imevutwa kutoka muti moja mupaka mwingine. Vijana wenye bunduki, na hawakuwa askari. Dereva alisimamisha. Mumoja alikuja ku dirisha, umri ya mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, na alisema muzuri, "Mama, shikamoo. Karatasi." Nilimupa. Akasoma. Alikuwa mutu mwenye alisha keti mu salle mahali. Niliona namna kidole yake ilishuka mustari kwa mustari. Haikushuka ku majina. Ilishuka ku kolektivite.

"Mama," akasema, "list yako iko safi. Watu wengine wanatuletea karatasi hatuwezi kuelewa kitu. Weye uliandika yote."

Miaka yangu yote, ile njo sifa kubwa yenye mutu alisha nipa juu ya kazi yangu.

Kidole ikasimama. Akasoma majina tatu ya Katre. Alisoma postnom muzuri, bila kuivunja, alivuta kwenye wanavutaka. "Huyu ashuke."

Hakuna mutu aligeuka. Wabinti kenda, miaka mbili walisha kimbia kuzunguka kiwanja juu ya kugeuka, waliangalia mbele yao kama jina ile haikuwa ya mutu wa dunia hii. Katre naye aliangalia mbele. Kijana akarudilia, na sauti ingine. Nikasema, "Absenti."

"Namna gani?"

"Absenti. Alibakia Bunia. Malaria."

Alihesabu vichwa vya wabinti. Kenda. Akahesabu list. Kumi. Ilikuwa sawa. Lakini ule kijana, siwezi kumusahau, alikuwa na akili ya apariteri. Akasema, "Basi wengine wajibu," na akaanza kuita presence. Mumoja kwa mumoja wakajibu. Mimi nilijua jina ya Georgine iko ku mustari ya saba, na hakuna mutu wa kuijibu, na kutabakia mubinti moja mwenye hana jina. Nilitaka kumuangalia Katre, nikaogopa kumuangalia. Akasoma ya tano. Ya sita. Akasoma ya Georgine.

"Present," Katre akasema.

Kijana akamuangalia. Georgine, ku list, alikuwa wa kwao. Akatabasamu na akamusemesha mu luga yao, maneno mingi, ya kirafiki kabisa. Katre hakujua hata neno moja. Hapo Witi, pembeni yake, alimuwekea mukono ku shavu na akajibu mu ile luga, mbio mbio, na hasira ya mutu wa soko. Kijana akacheka. Akamaliza kuita, akanirudishia list, na kamba ikaanguka chini. "Safari njema, Mama."

Gari ilipoenda mupaka hatuwaone tena, niliomba dereva asimame. Kisha nilimuuliza Witi alisema nini. "Nilimuambia anaumwa meno tangu Bunia, akifungua kinywa atamunukia. Na nikamuuliza kama kwao hawana heshima ku mutu mugonjwa." Alitaka kucheka kama desturi yake, na ikageuka kilio, na wote kenda wakalia. Katre peke yake hakulia.

Koch alikuwa nyuma mu kamioneti pamoja nao. Hakuniambia "nilikuambia." Si siku ile, si nyuma yake. Juu ya ile nitamuombea mupaka nikufe.

Tchomia tulicheza, tulipigwa seti tatu, tulikula samaki. Siku mbili zilipopita tulirudi, tukifuata magari ya askari. Asubui yenye ilifuata niliingia ku biro na nikatengeneza sheria yangu mwenyewe, ya kwanza na ya mwisho: list ya safari inabeba prenom na numero ya mayo, basi. Majina tatu na kijiji inabakia mu rejistre, na rejistre inabakia mu sanduku, na funguo inabakia kwangu. DG akasema, "Mama, hii siyo list." Nikamujibu, "Basi shefu ukuje safari ijayo, ubebe ile ingine mukononi yako mwenyewe." Mugongo yake ikamuuma. Mutaikuta ile sheria ku kipande ya karatasi ndani ya mulango wa kabati. Hakuna mukubwa aliisaini. Muifuate.

Lakini kitu moja sikuweza kutengeneza. Tangu ile safari Katre aliacha kujibu presence. Alikuwa anakuja, anakaa, anaandika. Niliita majina yake tatu, kimya. Niliangalia, nikamuona, nikaweka alama. Aliacha pia kucheza. Koch alitundika mayo ya ine ku musumari na hakuipatia mwingine. Nilifikiri ni woga, na nilifikiri itapita. Siye watu wa biro tunafikiri kitu yenye hatuna fomu yake itapita.

Mwaka wake wa mwisho, karibu na kusoma wenye walipita, kulikuwa habari mubaya tena kutoka vijiji. Ile siku wazazi wote wanakuja, muji muzima inajaa mu salle. DG alisema mwaka huu tusome prenom tu na matrikule, numero ya mwanafunzi mu rejistre. Nilisema ndiyo na hajamaliza hata kusema. Mimi, mwanafunzi wa Papa Zakaria, nilisema ndiyo na nikasikia raha.

Muchana wa siku yenye ilitangulia, Katre aliingia ku biro yangu. Alibakia amesimama.

"Mama, kesho utanisoma namna gani?"

"Solange, na numero. Wote vile."

Halafu akasema, "Ku bariere uliniweka absenti."

"Ndiyo."

"Aksanti. Niko muzima juu yako, na juu ya Witi. Lakini Mama, wale wenye walimuua baba walimuita kwanza. Na yeye alijibu, mama yangu alisikia. Mimi waliniita na ile jina, nikanyamaza. Nikajibu ya mutu mwingine." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Kila asubui unaniita, na siwezi kujibu. Tangu ile siku niko absenti. Naomba uniandike present."

Nilimuambia kesho mu salle kutakuwa watu wa kila namna. Akasema anajua. Nilimuambia nikisoma yake peke yake, nitakuwa nimemuonyesha na kidole. Akasema, "Witi anaomba pia ya kwake isomwe. Tulisha kuongea." Sikumujibu muzuri. Nilimuambia aende, nitaona. Alipotoka nilifunga mulango na nikalia, na sioni haya kuiandika, juu nilikuwa nimefikiri kazi yangu ni kutunza majina, na nilikuwa nimechukua ya huyu mutoto na sikumurudishia.

Saa tisa nilisimama mbele ya wenye walipita, mumoja mumoja, na nikauliza kila mutu swali yenye hakuna rejistre iko na nafasi yake: "Kesho nikuite namna gani?" Wengine walisema prenom tu, na niliandika prenom tu. Wengine walisema yote. Mumoja aliniomba usiku ya kufikiri, nikamupa. Vijana wangu, ile swali njo kitu moja yenye niliongeza ku kazi ya Papa Zakaria, na nilichelewa kuiongeza. Muulize siku ya kwanza. Musingoje mwaka wa mwisho.

Kesho yake salle ilijaa mupaka ku madirisha. DG alikuwa amekaa mbele, na alipoona karatasi yangu alifunga macho, lakini hakusimama. Nilisoma. Wa prenom, wa majina tatu, wa prenom. Nilisoma Witi na majina yake yote, na akaja mbele bila kucheka. Halafu nilifika kwake. Nilisoma jina. Nilisoma postnom ya baba yake, nikavuta kwenye wanavutaka, na sauti yangu haikukatika. Nilisoma prenom.

Ile siku hakuna mutu anajibuka. Unaitwa, unakuja, unapata karatasi. Katre alisimama ku nafasi yake, hakusogea.

"Present," akasema.

Kule nyuma kabisa, katikati ya wamama wa site, mama yake, mwenye hakuna mutu alisha muambia juu ya bariere, alisikia jina ya bwana yake inaitwa mbele ya muji muzima. Naye akasimama.

"Iko," akasema.